Ukoo wa Waliofariki Ghafla

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, na ninyi wafanyakazi wenzake marehemu mlioacha kazi zenu ili mje kutushika mkono, mimi ni mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yetu na sasa wa pekee aliyebaki, nimepewa kusoma historia ya dada yangu, kazi ambayo nimeifanya katika misiba ya ukoo huu kwa miaka thelathini na minne, hata sokoni wengine mnaniita Msomaji. Leo sitawadanganya kwamba nina majonzi peke yake, ninaogopa, na nitasema ninaogopa nini nikifika mahali pake. Naomba simu zote zizimwe kabisa, na mlango wa chuma pale nyuma ufungwe taratibu, usibamizwe.

Dada yangu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya karakana ya reli, ambako baba yetu alikuwa fundi wa mabehewa na mama alishona sare za mafundi, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu, kaka yetu akimtangulia kwa miaka miwili na mimi nikimfuata kwa mitano. Mama alikuwa akisema mtoto huyu hakulia alipozaliwa, aliwakazia macho waliokuwapo mmoja mmoja kama mtu anayeita mahudhurio.

Alianza shule ya msingi ya watoto wa reli Januari 1963, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1970, na akiwa huko, tarehe 20 Novemba 1971, kaka yetu, aliyekuwa muogeleaji hodari kuliko vijana wote wa mtaa, aliruka katika bwawa la shule yake mbele ya wenzake, hakupiga hata mkono mmoja, akatolewa amekufa, na dada, msichana wa miaka kumi na mitano, ndiye aliyetumwa kwenda kumwambia mama akiwa kwenye cherehani. Wazee walinong'ona kwamba ukoo wetu una laana, kwamba babu alikuja nayo kutoka huko alikotoka, na sisi watoto tukakatazwa kuuliza. Dada alimaliza sekondari mwaka 1973, akasomea utunzaji wa kumbukumbu za wagonjwa, akapata cheti chake Desemba 1975.

Tarehe 5 Januari 1976 aliajiriwa katika masijala ya hospitali, akakaa humo miaka arobaini mpaka alipostaafu, katikati ya rafu za chuma na majalada yaliyofungwa kwa kamba, na wote mliokuwa naye mnajua kwamba Mama Masijala angeweza kukutolea jalada la mtu aliyelazwa kabla yeye mwenyewe hajazaliwa, chai yako ikiwa bado ya moto. Aliwarudishia madaktari bingwa fomu zao akiwaambia waandike upya, mwandiko wa kuku hausomeki, nao walitii. Kulikuwa na neno moja alilolichukia kuliko yote, nalo ni ghafla, akisema ghafla si ugonjwa, ni uvivu wa mwandishi.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na shemeji yetu mpiga chapa, yule pale mbele, ndoa ya miaka arobaini na sita isiyosikika ugomvi, labda kwa sababu mashine zilimharibia shemeji sikio la kushoto, na dada akitaka kulalamika alikuwa akihakikisha amekaa upande huo. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1984 na wa kiume mwaka 1988. Jumatatu, tarehe 9 Juni 2003, saa nne asubuhi, binti yao, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa amesinzia kwenye kochi na kitabu kifuani, simu ya mezani ikalia karibu na sikio lake, akainuka, akamwita mdogo wake kwa jina, akaanguka, na hakuamka tena. Aliyepiga simu ile alikuwa mama yake, akiwa kazini, akitaka kujua kama wamekunywa chai.

Historia ya yule binti niliisoma mimi, niliandika kwamba alifariki ghafla, ua lililochumwa asubuhi, na watu walinipongeza kwa lugha tamu. Wiki tatu baadaye dada alikuja nyumbani kwangu na bahasha ya kaki, akapanga mezani historia tano nilizowahi kuandika za binamu na shangazi zetu, zote kwa mkono wangu mzuri, zote zina neno ghafla au maneno baada ya kuugua kwa muda mfupi, akaniuliza kila mmoja alikuwa akifanya nini dakika ile alipokufa. Sikujua hata mmoja. Nilimjibu kwamba maiti hachunguzwi, akaniambia mimi ndiye niliyewazika mara mbili, akakusanya karatasi zake akaondoka, na mwaka mzima hatukusalimiana vizuri.

Kuanzia mwaka 2004 hadi 2012, kila likizo yake ya mwaka, dada alisafiri kwa basi na kwa treni katika nchi tatu zaidi ya yetu, kufuata nyayo za watu wetu katika madaftari, na kazi haikuwa rahisi, kwa kuwa kila mpaka waliouvuka karani wa huko aliandika jina alivyolisikia, hata mtu mmoja, babu yetu, akawa na majina matatu. Kilichomwokoa dada ni beji ya shaba ya babu, ambayo mama aliihifadhi kwenye kopo la vifungo, yenye namba ya kazi 318, maana majina yalibadilika lakini reli haikumbadilishia mtu namba. Katika stoo ya reli ya nchi ya jirani, ndani ya daftari la vifo la mwaka 1938 lililoliwa na mchwa pembeni, aliikuta namba 318, mhunzi, miaka arobaini na mmoja, alianguka king'ora cha mchana kilipolia, hana jeraha. Katika hospitali ya nchi ya pili alimkuta dada yake baba, mwaka 1952, miaka ishirini na tisa, ameandikiwa kifafa, alikufa sinia la vyombo lilipomponyoka muuguzi karibu na kitanda chake. Katika nchi ya tatu, alikozaliwa babu, ndani ya kitabu cha mazishi cha kanisa dogo, alimkuta mama yake babu, mwaka 1906, mama wa watoto wanne, alikufa akiwa mzima, kengele ikigongwa.

Aliniambia baadaye kwamba aliposoma neno lile kengele alikaa sakafuni kati ya mabenchi ya kanisa, mtunza kitabu akadhani ni njaa akamletea biskuti, kumbe dada alikuwa anaogopa kutoka nje, anaogopa honi ya basi, anaogopa mlango, kwa sababu alikuwa ameelewa kwamba katika kila daftari sauti ilitangulia na mtu akafuata, na kwamba laana ya wazee ilikuwa kitu kinachoishi ndani ya kifua, huenda na kifuani mwake.

Jambo moja alilifanya kabla hajaenda kwa daktari, nalo lazima nilisome. Babu alipokufa mwaka 1938, mke wake mdogo aliitwa mchawi, akafukuzwa usiku uleule na mtoto mgongoni, na ukoo wetu ukaishi na uongo huo kwa miaka zaidi ya sabini. Dada aliwatafuta wajukuu zake, akawapata, akapiga magoti katika sebule yao akaomba radhi kwa niaba yetu sote. Wamesafiri siku mbili, wamekaa mstari wa nne, tunawakaribisha nyumbani.

Tarehe 3 Septemba 2012 daktari wa moyo alimpima dada, akamwonyesha kwenye karatasi kwamba umeme wa moyo wake una hitilafu ya kurithi, mwenye nayo humpa kila mtoto wake kwa nafasi ya nusu kwa nusu, na mshtuko, au kujitupa majini, unaweza kuuvuruga moyo mpaka ukasimama. Kuna vidonge, vya kila siku, maisha yote. Dada alivianza siku ileile, mwanawe akapimwa akakutwa nayo, akavianza pia, na leo ana miaka thelathini na saba, ni fundi wa kuchomelea, ndiye aliyebeba mbele ya jeneza.

Mimi nilikataa kupimwa. Kila mwaka aliniomba, na kila mwaka nilikuwa na sababu, mitihani ya wanafunzi wangu shuleni, mvua, mgongo, mpaka nikamwambia waziwazi kwamba sitaki kujua, akanijibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Niliogopa, ndugu zangu. Niliogopa kwa miaka kumi na mitatu, na niliificha hofu hiyo kwa ubishi.

Tarehe 11 Machi mwaka huu wa 2025 dada aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa, akachoka, na Jumanne, tarehe 16 Septemba, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, alifariki kitandani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe, akiwa na miaka sitini na tisa, na daktari anasema moyo wake ulifanya kazi yake mpaka mwisho. Kati ya wote aliowakuta na hitilafu hii katika madaftari yale, hakuna aliyefika hata hamsini.

Sasa nimefika mahali pake. Dada aliacha maagizo kwa mkono wake kwamba historia hii isiwe na shimo, na mimi nilikuwa nimeshachimba jingine. Tarehe 30 Julai mwaka huu, kengele ya mapumziko ilipogongwa, binti yangu, mwalimu wa chekechea, alianguka mbele ya darasa lake, na nilipofika nikawaambia walimu kwamba hakunywa chai, nikamwambia hivyo mama yake, nikamwambia hivyo yeye mwenyewe. Siku tatu baadaye dada, akiwa kitandani, aliniuliza kama kuna mtu ameanguka katika ukoo, nikamwambia hakuna, akaomba apewe maji. Mwanangu, kaa hapohapo ulipo, mama yako akushike mkono, usishtuke, haikuwa njaa. Kama unayo, umeipata kwangu, nami nilijua pa kwenda nikakaa kimya, unisamehe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, majirani mliopika na kulala nasi, na wenzake wa masijala mliomletea magazeti hata alipokuwa hawezi tena kuyasoma. Kwa namna ya pekee tunamshukuru muuguzi wa kitengo cha moyo, ambaye marehemu alimwomba mwezi uliopita aje siku ya mazishi yake na mashine ya kupimia, kumbe uongo wangu haukumdanganya. Muuguzi yuko chumba chenye pazia la buluu, kipimo ni dakika kumi, hakiumi, na kila mwenye damu ya namba 318 anaombwa aingie kabla hatujatoka kwenda makaburini. Nikikunja karatasi hii nitavua koti, nitaingia wa kwanza, binti yangu atanifuata.

Dada, wewe pumzika kwa amani, sisi tunakwenda kupimwa.