Bwana Miche na Mti wa Langoni

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya sita. Alisoma hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1966. Mwalimu wake wa kilimo aliandika kwenye ripoti kwamba ana mkono mzuri ila maswali yake hayaishi.

Mwaka 1972 aliajiriwa kibarua katika bustani ya miche ya mji, baadaye akawa msimamizi. Mwaka 1979 mkuu wake alimpa kopo la mbegu za mti wa maua ya njano, unaokua upesi na wenye kivuli kizuri. Aliziotesha, akagawa miche shuleni, zahanatini, ofisini na majumbani. Ndipo akaitwa Bwana Miche.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1980. Siku hiyo yeye na shemeji yetu walipanda mche mmoja wa mti huo langoni kwao.

Mwaka 1998 alianza kuutilia shaka mti wake wa maua ya njano. Aliona majani yake hayana hata tundu la mdudu. Akasema mti usio na adui ni wa kuogopwa. Alikwenda msituni, mwendo wa saa moja kwa miguu, akaukuta umeshaingia, na chini yake hakuna kilichoota. Ofisini waliambizana kwamba mzee amechoka. Mti ni mti, walisema. Akaanza kuikata miti hiyo mwenyewe. Hapo alikosea, maana kila kisiki kilichipua mashina mengi badala ya lile moja. Baadaye alijifunza kubandua gome, kuanzia kifuani hadi mzizini, mti ufe umesimama.

Alipostaafu mwaka 2006 alikwenda msituni kila asubuhi na panga na gunia. Watu hawakumwelewa. Wengine walisema anachoma mkaa, wengine kwamba kuna kitu amekifukia. Mlinzi wa msitu alimfuatilia siku tatu, akamkuta amepiga magoti.

"Mzee, unatafuta nini huku?"

"Watoto wangu."

Mlinzi akarudi nyuma hatua moja. Marehemu akamwonyesha mche aliokuwa anaung'oa. "Hawa. Niliwaleta mimi."

Tangu siku hiyo walifanya kazi pamoja. Naye marehemu alimshuku kila mtu kubeba mbegu. Mkwe wetu alipokuja kuchumbia, alikunjuliwa pindo za suruali mlangoni, akadhani anapekuliwa kisu. Zilipatikana mbegu mbili. Alipewa mke, lakini baada ya chai ya pili.

Mti wa langoni pekee ndio haukuguswa. Shemeji alimwambia, "Huo ni wa ndoa yangu. Ukiubandua, nibandue na mimi." Basi kwa miaka yote marehemu alifagia maganda yake ya mbegu kila siku na kuyachoma.

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kudhoofika. Akiwa kitandani hospitalini, alimwuliza mkewe nani anafagia.

"Nafagia mimi."

"Yote?"

"Yote, baba."

"Upepo je?"

Marehemu aliaga dunia tarehe 9 Juni 2023, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka 72. Kesho yake shemeji alimwita mlinzi wa msitu, akamkabidhi panga la marehemu. Shemeji alisimama mwenyewe chini ya mti wa langoni mpaka gome likaisha mzizini.

Kwa hiyo mliopita langoni leo mmeona shina jeupe. Tafadhali mtu asilikate. Na kabla ya kuondoka, kila mmoja akung'ute viatu na pindo za nguo. Mashada yenye maua ya njano tumeyaacha nje, mtuwie radhi.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu saba, na sisi wadogo zake wawili. Ameacha pia miti michache ambayo hakuifikia. Mlinzi anajua ilipo.

Kaka, upumzike kwa amani. Tunafagia.