Nilivyomwachisha Zuhura Vidonge

Amani iwe kwenu, ndugu zangu, na sifa zote ni za Mola aliyeniacha hai niione aibu yangu!

Mimi ni bibi wa Bagamoyo. Shule niliishia darasa la pili, ila mdomo sikunyimwa. Mjukuu wangu Zuhura ana sikoseli. Alikuwa akilia mifupa mpaka sauti inakauka. Tulimnywesha kombe, tukamchemshia mizizi, mwisho hospitali wakampa vidonge vya kila siku. Akanawiri! Akaruka kamba na wenziwe!

Siku moja kliniki akaja daktari mtafiti, binti mpole. Akatueleza dawa wanayoitafuta: vichembe vidogo kuliko vumbi, vimebeba maelekezo ya kuirekebisha damu, vikishafika, ganda linayeyuka mwilini, maelekezo yanabaki yakifanya kazi. Nikadakia, "Mwanangu, si kombe hilo! Maandishi ya zafarani yanaoshwa kwa maji, mgonjwa anayanywa!"

Akacheka. "Umekaribia, bibi. Ila bado tunajaribu kwa panya."

Ndugu zangu, la panya nililisikia. Nikalipuuza!

Nikarudi mtaani natamba: dawa inakuja, Zuhura wa kwanza! Nikasema vidonge vitamchafua damu, bora aipokee dawa mpya akiwa safi. Mkamwana wangu Tatu, mama wa mtoto, akaniambia, "Mama, daktari hakusema tuviache."

"Wewe umezaa wangapi hata unifundishe?"

Alfajiri Tatu alikuwa akienda kukaanga samaki sokoni, vidonge nagawa mimi. Nikavitupa chooni.

Mwezi haukuisha. Zuhura akaanguka jikoni, mdomo umekwenda upande. Hospitali wakauliza nani kamwachisha dawa. Tatu hakunitaja. Nilijitaja mwenyewe, wodi nzima ikinitazama.

Mola akamrudisha, alhamdulillahi! Siku ya tano akafumbua kinywa, akaita, "Mama." Hakuniita mimi. Na mkono wa kushoto haujapata nguvu hadi leo.

Nimeokolewa kutoka kwenye kiburi, ndugu zangu, lakini aliyeumia ni mtoto. Dawa ile naiombea kila swala, ije hata kama nimeshazikwa. Nanyi mtumainini Mola, na vidonge alivyowajaalia leo mvimeze leo! Mkiambiwa bado, ni bado!

Sasa Tatu humpa Zuhura kidonge kabla ya kwenda sokoni. Nikikishika mimi, mtoto anafumba mdomo. Basi nashika kikombe cha maji, nasimama pembeni mpaka aniombe.