Siku Tuliyomlilia Mama Malkia Akiwa Hai

Nana Yaw Safo, mfalme wetu, ambaye mwavuli wako unatutosha sote. Nana Abena Kwakyewaa, Mama Malkia wetu, mwenye siku ya leo. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, ambaye kwa mara ya kwanza umefika kabla ya chakula. Wazee wa ikulu. Wachungaji wetu na imamu wetu. Bwana Kofi Amponsem, mwenyekiti wa kamati ya sherehe, usijifiche nyuma ya ngoma, nimekuona. Wageni wetu kutoka Kumasi na Accra. Na ninyi wanawake wenzangu wa soko la Kwaemuso, mliofunga vibanda vyenu na kuvaa nyeupe tupu mpaka uwanja unawaka: nawasalimuni kila mmoja kwa heshima yake, na niliyemruka asinune, aje baadaye nimsalimu peke yake.

Mimi ni Yaa Dufie, mkuu wa wauza viazi vikuu. Wanawake wa mji huu wamenituma niseme kwa niaba yao, na wamenituma kwa sababu ya sauti yangu. Mtu aliyeshindana na honi za malori maisha yake yote, kipaza sauti kwake ni pambo tu.

Nimepewa nafasi ya kumsifu Mama, na nitamsifu. Lakini je, tujifanye hatujui kinachofuata? Baada yangu ni zamu ya Nana Yaw Safo, na mezani kwake kuna pendekezo la wazee wa ikulu: kwamba Mama, kwa kuwa ametimiza miaka themanini, apumzishwe, kwamba baraza lake la kila Jumanne, ambapo wanawake wa mji huu wamekuwa wakisikilizwa tangu enzi za bibi zetu, lifungwe, na kwamba mashauri yetu yapelekwe ikulu, yasikilizwe baada ya mashauri ya ardhi. Baada ya mashauri ya ardhi! Hapa Kwaemuso, nani amewahi kuona mashauri ya ardhi yakaisha? Leo Nana atasema ndiyo au hapana. Basi sifa zangu zina kazi ya kufanya, nami siwafichi.

Wageni wetu huenda hawalijui baraza lenyewe. Ni ua wenye kivuli, mabenchi, na kigoda cha Mama. Mwaka mmoja aliletwa pale fundi seremala mmoja, nisimtaje, mkewe kakaa kule na kakaza macho. Mtu huyu alikuwa akirudisha bakuli la mkewe bila kuligusa, siku baada ya siku. Na kwetu, mume anayerudisha bakuli amemtukana mkewe, na amemtukana na mama mkwe aliyefundisha mapishi. Mama hakumhubiria. Aliuliza tu, "Bakuli la leo liko wapi?" Likaletwa, fufu na supu ya mawese, mvuke unapaa. Akatuambia sisi tuliokaa kwenye mabenchi, "Onjeni, tupate ushahidi." Tukaonja. Tukaonja tena. Seremala anatazama mkono unaingia, mkono unatoka, nyama zinapungua, mwisho uzalendo ukamshinda: "Nana, na mimi je?" Mama akamwambia, "Wewe si umekataa? Usiharibu ushahidi." Kesho yake alikula, na tangu hapo anakula. Mtazameni tumbo lake.

Huyo ndiye mwanamke tunayeambiwa amechoka.

Sasa nije kwa Bwana Amponsem. Ndugu zangu, huyu ni mtu mwema. Amefanya kazi Accra miaka mingi, akastaafu, akarudi nyumbani, na kamati ikamkabidhi matangazo ya sherehe hii. Akachapisha bango. Na lilikuwa bango zuri! Picha ya Mama, uso umetulia, kiwiliwili kizima. Chini ya picha, umri wake. Chini ya umri, majina ya wanawe, wajukuu na wapwa, kwa mpangilio. Na pembezoni mistari mipana, myekundu na myeusi, kwa sababu, kama alivyotueleza, rangi hizo zinaonekana mbali. Zinaonekana, Bwana Amponsem. Zilionekana mpaka ng'ambo ya mto. Kisha akalitundika wapi? Njia panda, kwenye ukuta ule ule wa matangazo ya misiba, katikati ya marehemu Opanyin Dwomoh na marehemu mwalimu Fosuhene. Kwenye ukuta ule hajawahi kutundikwa mtu anayepumua!

Na sisi tulivyo, nani angeuliza? Kwetu mtu wa ukoo wa kigoda cha ufalme hasemwi amekufa, husemwa amekwenda kijijini. Huulizi amekwenda lini, huulizi atarudi lini, wala hupigi simu ikulu kuhakikisha, kwani huo ni utovu wa adabu. Unafunga kitambaa chekundu kichwani, unavaa nyeusi yako, unakuja. Picha ya bango ikaruka kwenye simu, na Jumanne iliyopita, jua halijachangamka, barabara zote za kuingia Kwaemuso zilikuwa zimejaa wanawake wanaolia. Mimi mwenyewe niliacha viazi vyangu juani, visivyo na mlinzi, nikaenda nalia kama mtoto. Sioni aibu. Yule ni Mama yangu.

Bwana Amponsem, maskini, alipoona maji yamezidi unga akapanda kwenye gari na spika, akazunguka mji anapiga kelele, "Nana yu hai! Nana ni mzima kabisa!" Ndipo akamuua kabisa. Kwani kigoda kikipata msiba, ikulu husema nini siku za kwanza? Si husema Nana ni mzima? Esi Fofie alikuwa kando yangu, akajipiga kifua. "Yaa, umesikia? Wameanza kukanusha!" Nikamwambia, "Basi ndugu yangu, ni kweli." Kila gari lilipopita, kilio kilipanda.

Na Mama alikuwa wapi? Alikuwa ua wa nyuma, ananyolewa pembeni na kupakwa weusi nywele zake kwa mtindo wa Mama Malkia, kwa ajili ya leo, upande mmoja umekwisha, upande mmoja bado. Msichana wake Pokuaa ndiye aliyenisimulia. Mama alisikia mayowe, akauliza, "Pokuaa, mjini kafariki nani?"

"Sijui, Nana."

"Kilio chote hicho, na hujui?"

"Nana, wanasema... wanasema umekwenda kijijini."

"Mimi? Na nywele nusu?"

Akainuka, akavaa ndala zake, akatoka hivyo hivyo. Waliokuwepo ni mashahidi wangu. Kilio kilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Esi Fofie alizimia, tukampepea. Mwingine, ambaye leo kajipamba kwa kitambaa cha kente, alikimbia akaacha kiatu. Dada, kiatu chako ninacho mimi, njoo sokoni.

Mama akatutazama, nyeusi na nyekundu uwanja mzima. Mnafikiri alikasirika? Alisema, "Nimeambiwa nimefariki. Poleni na msiba." Tukacheka huku machozi yanatoka. Kisha akaomba kigoda chake, akakaa, akasema, "Leo si Jumanne? Aliyekuja na kilio tu, akamalizie kwake. Aliyekuja na shauri, asogee mbele."

Hapo ndipo nataka wazee wa ikulu mnisikilize vizuri. Kulikuwa na bibi kizee mmoja, Ataa Mansa, kutoka ng'ambo ya mto, aliyekuja kwa fimbo. Njia nzima alikuwa analia maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kwenye msiba. Hakulia, "Umetuacha na nani?" Hakulia, "Safiri salama." Alikuwa analia, "Nani atanisikiliza sasa? Nani atanisikiliza?" Kumbe mpwa wake alimtoa chumbani akakipangisha, na yeye akawa analala jikoni, karibu na mafiga. Alikwenda polisi, wakamwambia hilo ni la kifamilia. Alikuja ikulu, akaambiwa asubiri ardhi imalizwe. Alikuwa amebakiwa na Mama tu, na asubuhi ile aliamini kwamba hata Mama hayupo. Alilia mlango wake wa mwisho. Mama alimwita wa kwanza. Mpwa akafuatwa, akaletwa, akakirudisha chumba, na Ataa Mansa akarudi kulala kitandani kwake.

Kikafuata kisa kingine, na kingine. Watu waliokuja kuzika walikaa kusikilizwa mpaka jua linazama. Hamjawahi kuona baraza kama lile, jaji kavaa rangi ya uhai na wenye mashauri wote wamevaa msiba!

Opanyin Baffoe, mzee wangu, ulikuwepo. Ulikuja na chupa yako ya pombe kali kwa ajili ya tambiko la mazishi, na kwa kuwa si adabu kuinuka mbele ya Mama, ulikaa mpaka mwisho. Ni wewe uliyesema kikaoni kwamba Mama hana tena watu, kwamba wanawake wa siku hizi wana polisi na wana mahakama. Nakuuliza kwa heshima ya mzee na shemeji: uliwaona? Walitoshea uwanjani? Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, lakini wahenga hawakuwahi kukaa kikao na wazee wa Kwaemuso. Cheka, shemeji, nakutania, lakini jibu.

Sisemi mahakama ni mbaya. Mahakama inajua sheria, na tunaiheshimu. Lakini hakimu atajuaje kwamba huyu anasema uongo kila anapokuna sikio? Mama anajua, kwa sababu babu yake pia alikuna. Polisi atampeleka wapi mwanamke ambaye hataki mumewe afungwe, anataka tu aone haya? Mambo ya nyumba yanataka mtu anayezijua nyumba. Na huko ikulu, kwenye foleni ya ardhi, tutasimamiwa na nani? Asiyekuwepo na lake halipo. Mnataka kumpumzisha Mama? Mpeni mto wa kuegemea, mpeni feni, mpeni shemeji Baffoe ampepee. Baraza muachieni.

Msemaji wa ikulu, sasa shika fimbo yako, kwani najua kwa Nana maneno hayapiti ila kwako. Mfikishie hivi. Wanawake tunasema kwamba baraza hili halikuwasaidia wanawake peke yao. Alifika pale zamani mama mmoja kijana, mtoto mgongoni. Siku ya kumpa mtoto jina ilikuwa imepita, na baba hakutokea. Amegombana na wakwe, amegoma. Mtoto akabaki na jina la siku aliyozaliwa tu, kama kila mvulana aliyezaliwa Alhamisi. Na kwetu mtoto ambaye baba hajamwita jina anakwenda wapi? Anaoa wapi? Anakaa kigoda gani? Mama Malkia alimwita yule baba. Akakataa kuja. Mama alikwenda mwenyewe, kwa miguu, akakaa mlangoni kwake, akasema hatainuka, na chakula hatakula, mpaka asikie jina. Mji mzima ukaja kutazama. Jua likawaka, na yeye yupo. Mwisho baba akatoka, akamchukua mtoto, akamdondoshea maji ulimini, akamwita. Mtoto akakua. Yuko hapa uwanjani. Simtaji, kwa sababu sijaruhusiwa.

Nini, Msemaji? Sogea kwenye kipaza sauti, watu wote wasikie.

Nana anauliza kwa nini simtaji. Mwambie Nana, kwa adabu.

Unasema? Rudia. Nana anasema nimtaje, na nimtaje kwa sauti ya sokoni.

Yaw Safo! Yaw ni la Alhamisi, Safo alimwita baba yake!

Tulieni, wanawake, tulieni, Msemaji bado anaongea. Ngoma, subirini. Anasema... Nana anasema hoja ya wazee ni hoja nzito, na hataiamua hapa, kwa sababu inamhusu Mama, na ya Mama yana mahali pake. Anasema Jumanne ijayo Opanyin Baffoe na wenzake waje wakae kwenye benchi la Mama, kama kila mtu, wamweleze yeye mwenyewe kwa nini baraza lake lifungwe. Na Nana atakuja pamoja nao, kama shahidi.

Mama naye ananyoosha mkono. Nana Abena, tunakusikia.

Anasema wawahi. Mbele yao kwenye foleni yuko mwenye kiatu.

Nawashukuru kwa kunitegea sikio, na Mungu awarudishe nyumbani salama.