Asali Kabla ya Alhamisi

Matatu ya kwenda mtaa wa Olympic ilikuwa nusu tupu, kwa hivyo nilisikia yote. Mbele yangu, Trizah wa mtaani kwetu alikuwa amepakata chupa ya asali. Mumewe anatibiwa saratani, alimwambia mama aliyeketi kando yake, na vidonda vya mdomoni vimemnyima hata uji.

“Umeipima?” akauliza yule mama, mwenye ploti ya nyumba za kupangisha Kawangware, kama alivyotueleza mara mbili. “Chovya njiti ya kiberiti, uiwashe. Ikikataa kushika, umeuziwa sukari.” Akatoa kiberiti.

“Mathe, usituchome!” kondakta akafoka.

Mama akakirudisha mkobani. “Na daktari anasemaje?”

“Nisimpake kitu hadi avione vidonda Alhamisi. Kwake Alhamisi ni karibu. Mzee wangu analia akimeza mate.”

Mama akafungua mdomo, lakini matatu ilikuwa imesimama Olympic na Trizah ameshashuka na asali yake.