Ufito Ulio Juu ya Kuni

Sogeeni, wanangu, na wewe Waithaka funga huo mlango vizuri, maana baba yenu amekaa uani amenyamaza, na mimi sijawahi kumwamini Ephantus akinyamaza. Kifua hiki hakinipi nafasi ya kurudia maneno. Shamba hatuna, ni la mzungu. Mbuzi ni wa Wanyoike, na zile nguo nilizopewa na memsahibu gawaneni bila kugombana, hazimkai vizuri yeyote kati yenu.

Sasa sikieni lililoninyima usingizi. Juu ya jiko, kwenye dari ya kuni, kuna ufito wa kuvulia samaki. Wamuyu, usicheke. Mimi yaya niliyefika Mombasa na Kampala nikibeba watoto wa watu, ujuzi wote niliorudi nao ni kukaa kando ya maji na kungoja samaki. Niliununua mjini Nakuru, dukani kwa Yusufali, kwa pesa ambazo baba yenu alidhani ni za mabati, ndiyo maana mvua bado inatunyeshea humu ndani. Yeye ni mzee wa kanisa, na kwa watu wa kwao samaki haliwi, ni nyoka aliyekosa haya, ningemwambia nini? Nikauficha kwenye kuni, kwa kuwa mwanamume wa kwetu hanyooshi mkono kwenye kuni za mkewe hata akifa kwa baridi.

Mwaka wa hamsini na nne, hali ya hatari ikiwa kali na wapiganaji wakiwa msituni, nilikuwa nikishuka mtoni na donge la ugali wa chambo ndani ya kiondo, narudi na kiondo kitupu, samaki nimewaachia waende zao. Jioni moja baba yenu akaleta Injili, akaniketisha, akaanza kunifundisha kusoma. Bila sababu. Mtu aliyeoa mke asiyejua herufi na akaridhika, leo ananishika kidole akikipitisha chini ya maneno. Nikajua ananusa. Kila nikitoka mtoni nikawa nasugua mikono kwa majivu na majani ya ndimu, na nikikosea neno naona macho yake yako kwenye vidole vyangu. Tuliishi tukichunguzana kama wachuuzi wa soko moja. Nilimchukia kidogo, nisiwadanganye, na kusoma nilikujua kwa hasira.

Juzi Kemboi, aliyekuwa nyapara hapa, alikuja kunijulia hali, akashangaa kwamba sijui. Akanieleza kuwa mwaka ule askari walimsimamisha baba yenu wakamwuliza mkewe hupeleka chakula kwa nani huko mtoni. Na baba yenu, ambaye hawezi kudanganya hata kuku, akaweka mkono juu ya Biblia akasema, "Mke wangu huenda kumsomea Cheptanui Injili, yule mama wa ng'ambo ya mto asiyeweza kutembea."

Mimi, niliyekuwa nikishika kitabu juu chini. Jioni hiyohiyo ndipo masomo yalipoanza, ili wakija kunijaribu nisome, tusipotee wote wawili.

Kwa hiyo anaamini nililisha watu wa msituni. Anaamini mpaka leo. Nimemsikia kwa masikio yangu akimshukuru Mungu kwa ushujaa wa mama Wanyoike, nami nikadhani anasifu ninavyovumilia homa hii. Wanangu, ulikuwa ugali wa chambo.

Tangu juzi nawaza. Nikimwambia, nampokonya jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya. Nikinyamaza, naingia kaburini na heshima ya mtu mwingine. Na huyo Kemboi naye simwamini sana, alikuwa anachekacheka akisimulia. Wanyoike, mbona unatazama mlango? Mmemwambia baba yenu nini?

Nipe maji, Wamuyu... Basi. Ufito ni wako, na usiolewe na mtu atakayekuuliza unanuka nini. Mabati, mnunulieni baba yenu. Asile peke yake. Mungu awape mikono isiyotetemeka, na nyumba ambayo hamtafunga mlango mkitaka kusema.

Sasa mwiteni. Nitaanzia Mombasa, polepole, kama ninavyojua kuzunguka... Pumzi ikinifikisha kwenye samaki, mwacheni acheke au alie, ni haki yake. Ikikatika kabla sijafika... kabla ya mto... nyinyi hamjui lolote. Mfungulie, Waithaka.