Mahindi ya Msaada na Wajawazito wa Katangi

Mgeni rasmi, bwana afisa wa misaada, chifu wetu, wazee na akina mama: karibuni Katangi. Mheshimiwa, kivumilie kiti hicho. Ndicho pekee chetu chenye miguu yote minne.

Tulikotoka

Sisi ni mwethya wa akina mama, kikundi cha kusaidiana kazi. Tulianza kwa kuchimba mitaro mashambani na kumtekea maji kila aliyejifungua. Kwetu mjamzito hupakuliwa kwanza, hata kabla ya mwenye nyumba. Wanaume wamezoea. Anayenung'unika tunampa sufuria akwangue.

Tulichofanikiwa

Nesi Layla wa zahanati ametufundisha chakula cha mwenye mimba: ndengu, kunde na majani yake, maziwa yaliyochemshwa, mayai. Zamani mayai yalikatazwa, eti mtoto atanona ashindwe kutoka. Siku hizi tunakula yai, tukilipata. Nesi alibandika ukutani picha ya sahani yenye samaki, embe na maziwa. Kwa ukame huu, ndiyo sahani pekee iliyojaa hapa kwetu.

Yaliyotupata

Mvua imekataa misimu miwili. Mwaka jana tuliletewa mahindi ya msaada yaliyolowa, yenye ukungu. Hatukuyatupa, mwenye njaa hatupi. Tuliyaanika, tukayatwanga kuwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, tukiamini ubovu hutoka na maganda, tukayaosha mpaka maji yakawa safi. Halafu, kwa desturi yetu, tukampakulia kwanza Mukai, aliyekuwa na mimba ya miezi sita.

Tumbo lake likakua upesi. Tukamtania kisimani: "Mukai, umebeba mapacha ama darasa zima?"

Akajibu, "Nyinyi leteni sahani. Wanafunzi wako na njaa."

Tukacheka, tukamwongezea.

Macho yake yalipogeuka manjano, mama mkwe wake, Munyiva, alisema ni malaria. Nesi alipomwona, alituambia tumbo lile limejaa maji. Ini lilikuwa limeharibiwa na sumu ya ukungu, na kutwanga, kuosha wala kuchemsha hakukutosha kuiondoa. Tulimzika Mukai na mtoto wake ndani yake. Tangu hapo Munyiva hapiki. Majirani wanampelekea chakula, na kila sahani anainusa kwanza.

Mheshimiwa, hakuna aliyemnyima Mukai chakula. Tulimpa kingi, tena kwa upendo.

Tunachoomba

Leo asubuhi tulisaidia kushusha magunia uliyotuletea. Gunia moja lilipofunguliwa, ile harufu tuliitambua. Labda mengine ni mazima. Sisi hatuna macho ya kuona sumu. Tunaomba yote yapimwe kabla ya kugawa.

Tunajua uzito wa ombi hili. Magunia yakirudi, jioni ya leo kuna majiko mengi hapa ambayo hayatawashwa. Kwa hivyo tunaomba wajawazito wapewe ndengu ama maharagwe, kavu na safi, hata kama ni kidogo, wakati tunangoja majibu ya vipimo. Sisi wengine tutajikaza. Tuko na mazoezi.

Kipaza sauti kimetangaza kwamba wajawazito wapite mbele wachukue kwanza. Hiyo ni heshima, na ni desturi yetu wenyewe. Yule aliye mbele kabisa, mwenye leso ya zambarau, ni Ndunge. Mimba yake ni ya miezi saba, na hajatia kitu mdomoni tangu jana mchana. Wakati tunashusha magunia alituuliza, "Nikikosa kula nitakufa njaa. Nikila nitakufa kama Mukai. Sasa dada zangu, mnaniambia nini?"

Sisi tunajua kutania, mheshimiwa, lakini swali hilo tumekuletea wewe. Tunaomba, kabla hujasoma hotuba yako, ushuke hapo chini umjibu Ndunge wewe mwenyewe.

Mungu akurudishe kwako salama, uwakute watu wako wameshiba chakula kisicho na shaka.

Ni sisi,
Mwethya wa Akina Mama wa Katangi.
Imesomwa na Syokau, katibu.