Bluu Nyuma ya Mlango

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi rangi wetu, yule mliyemwita Mzee Brashi. Tumemzika Jumamosi, na mimi bado nina hasira. Mniwie radhi.

Lile jengo la mawe pale kona mnalijua. Lilikuwa kanisa. Likawa ghala la unga. Likawa sinema. Likawa duka la makochi. Sasa ni ukumbi wa mazoezi. Kila mwenye jengo mpya alikuja na rangi yake, na kila mmoja alimwita Mzee Brashi. Huyu anataka kijani, yule anataka nyeusi kama chungu. Mzee anapaka huku ananung'unika: "Watu hawa hata hawajui wanataka nini."

Lakini nyuma ya mlango mkubwa aliacha kipande cha ukuta, upana wa sahani. Bluu ya zamani, bluu ya kanisa, iliyopakwa na baba yake. Kila tajiri alikiona.

"Fundi, umesahau hapa."

"Sijasahau."

Basi. Ukimbana zaidi, anafunga makopo yake anaondoka.

Mkewe aliniambia: "Tulifunga ndoa mle. Baba watoto alikuwa na ombi moja tu, akifa aombewe mle mle. Nikamuuliza, utaombewa katikati ya makochi? Akasema, makochi yatahama."

Makochi yakahama kweli. Yakaja mavyuma.

Mwenye ukumbi aliruhusu ibada, tunamshukuru. Ila wateja, alisema, wana ratiba zao. Basi jamani, mchungaji anasoma, huku chuma kinaanguka, puu! Jeneza liko kati ya baiskeli zisizokwenda popote.

Kisha mjane akatazama nyuma ya mlango. Hakuna bluu. Mzee akiwa hospitali, fundi mwingine alikuwa amepaka ukuta mzima nyekundu. Mama akatoa ufunguo wa nyumbani kwake, akaanza kukwangua.

"Mama, unaharibu ukuta," mwenye ukumbi akasema.

"Fundi wako amekosea, mwanangu. Hapa huwa hapapakwi."

Akakwangua mpaka bluu ikatokea, kidogo tu, kama ukucha. Mmoja mmoja, wale wanyanyua vyuma wakaacha. Ibada ikaendelea kwa utulivu.

Mama na watoto, poleni sana. Tuko pamoja nanyi. Sisi wengine tujiulize: tukikuta kitu kimeachwa, huwa tunauliza kimeachwa kwa nini?

Na wewe mwenye ukumbi, najua unanisikiliza. Ile brashi ya rangi nyekundu, nakusihi, iweke chini.